Je, Wajua? Fundi wa Ndege wa Dola 18 kwa Wiki

Injini ya ndege ya ndugu wa Wright iliyoruka Desemba 1903 ilitengenezwa na Charlie Taylor, fundi katika duka lao la baiskeli mjini Dayton, Marekani. Kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, aliipata kwa kutoboa matundu kufuata mstari wa umbo lake kwenye bamba la chuma, akabandua vipande kwa nyundo na patasi, kisha akakereza. Injini nzima ilimchukua wiki 6. Malipo? Senti 30 kwa saa, yaani dola 18 kwa wiki, na kwa enzi zile hazikuwa haba. Uzeeni ndiko kulikomwumiza: ugonjwa wa moyo ulimtoa kazini, na dola 800 kwa mwaka alizoachiwa na Orville, mmoja wa ndugu hao, zikaliwa na mfumuko wa bei. Alifariki 1956. Tarehe aliyozaliwa, Mei 24, sasa ni siku ya mafundi wa ndege Marekani.