Safari ya Tanga na kufuli la msikiti wetu

Msemo wa "Tanga raha" tumeusikia tangu utotoni. Kwa sisi wa Wete, Tanga ni ng'ambo tu: baina ya Pemba na bara pana kilomita 50 hivi za bahari, na wengi wetu tuna shangazi, mjomba au mkwe upande wa pili. Likizo ya skuli iliyopita, familia mbili za jirani tuliazimia kwenda kuuona mji huo kwa macho yetu.

Asubuhi ya safari lilikuwapo jahazi la nauli nafuu, limesheheni watu na mizigo. Tulilikataa. Pemba haijasahau Septemba 2011, pale meli ya Spice Islander I ilipozama usiku ikielekea huku, wakafa mamia ya watu. Anayesafiri na watoto amebeba amana. Tukangoja chombo chenye idhini, nacho kikachelewa. Tukashuka Tanga Isha imekwishasaliwa. Simu ya jamaa wa kutupokea haikupatikana.

Dereva wa bajaji alitupeleka Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, akatushusha mbele ya msikiti. Mlango ulikuwa umefungwa. Tukabisha kwa haya. Akatoka mzee mmoja, akawatazama watoto waliokuwa wakisinzia, wala hakuuliza sisi ni akina nani. Aliuliza, "Mmekula?" Kina mama na watoto wakachukuliwa nyumba ya jirani, sisi wanaume tukatandikiwa mikeka katika chumba cha madrasa. Baada ya Alfajiri ikaletwa chai, maandazi na mbaazi za nazi. Jamaa yetu alipofika akiomba radhi, mzee alikwisha kwenda zake kazini.

Siku tatu tukatembea. Tuliona waendesha baiskeli wasio na haraka, tukapunga upepo wa jioni Raskazone, tukaingia mapango ya Amboni yaliyochimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa. Siku ya mwisho tulikwenda Tongoni, kusini ya mji, upande ule ule wa Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Pale pana magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi ya nguzo. Mtoto mmoja akasema, "Mbona kama Mkumbuu?" Alisema kweli. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, pana msikiti na makaburi ya namna hiyo hiyo. Watu wa fukwe hizi mbili walijenga kwa kufanana kwa sababu walitembeleana. Msafiri wa zama zile alingoja pepo za msimu zigeuke, na siku zote hizo alihitaji mlango wa mtu.

Hapo ndipo raha ya Tanga ilipotuingia uchungu. Mwaka jana pampu ya maji ya msikiti wetu iliibwa. Kamati ikaamua mlango ufungwe mara baada ya Isha na ufunguo ukae nyumbani kwa mweka hazina, mbali na msikiti. Uamuzi huo tuliuandika sisi wenyewe kwa mkono wetu. Miezi michache baadaye, usiku wa mvua, wavuvi wawili wa dago walibisha, hakuna aliyewafungulia. Asubuhi tuliwakuta barazani, nguo zimerowa. Walitusalimu kwa upole, hawakulalamika, nasi tukaliona jambo dogo.

Wanazuoni wamesema hapana ubaya kuufunga msikiti kwa kuchelea mali yake. Lakini katika msikiti wa Mtume (SAW) Madina palikuwa na Suffa, mahali penye kivuli walipolala maskini na wageni wasio na makao. Na msafiri aliyeishiwa njiani ametajwa katika Qur'an miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka. Kufuli si kosa. Kosa letu ni kwamba tulilinda pampu, tukamsahau mgeni. Msikiti wa Ngamiani nao ulikuwa umefungwa. Tofauti ni kuwa nyuma ya mlango alikuwapo mtu.

Tuliporudi tulilifikisha suala hili kikaoni. Mweka hazina alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: mpya ikiibwa, nani atailipa? Hatimaye tulikubaliana mambo matatu. Mlango uendelee kufungwa. Ufunguo ukae nyumba iliyo karibu zaidi na msikiti, na namba ya simu ibandikwe mlangoni. Na nyumba tano zipokezane zamu ya kuwalaza kina mama na watoto.

Hadi tunaandika makala haya, hajabisha mtu. Mikeka imefuliwa, imekunjwa, inangoja. Ndugu msomaji, tunakuomba jambo moja: usiku wa leo, baada ya Isha, pita kwenye msikiti wa mtaa wako, ubishe, uone nani atakufungulia.

Wabillahi tawfiq.