Mlipuko ni Kitu Gani?

Sote tumewahi kukaanga bisi. Punje ya mahindi inapata moto, mara pa! Imepasuka. Kwa nini? Ndani ya punje mna maji kidogo. Yakipata moto mkali yanageuka mvuke. Mvuke unataka nafasi kubwa, lakini ganda linauzuia. Ganda likishindwa, mvuke unatoka kwa ghafla. Basi huo ni mlipuko mdogo.

Milipuko iko ya aina tatu.

Ya kwanza ni ya kusukumwa tu, hakuna kinachoungua. Mfano ni bisi, au mpira wa gari uliojazwa upepo kupita kiasi.

Ya pili ni ya kitu kugeuka gesi ya moto kwa upesi sana. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni za aina hii. Zote mbili ni nzito kuliko hewa. Hutuama chini, ndani ya mashua au jikoni, zikingoja cheche tu. Baruti nayo imo humu. Iko baruti dhaifu, kama ya fataki na gobore, ambayo huungua haraka. Na iko kali, kama dinamiti, aliyoivumbua Alfred Nobel wa Sweden mwaka 1867. Hiyo hulipuka kwa mwendo unaoushinda mwendo wa sauti.

Ya tatu ni ya nyuklia. Bomu la namna hiyo liliangamiza mji wa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945.

Je, sisi wa Pemba yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu tunakula kwa bahari. Katika pwani ya Tanzania wametokea watu wa kuvua kwa baruti. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Kwa hiyo kishindo cha majini hufika mbali kikiwa na nguvu. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni, nacho hupasuka. Wengi huzama, hata mvuvi mwenyewe hawapati. Matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki, huvunjika, na kuota tena huchukua miaka mingi. Wako wavuvi waliokatika mikono. Ndiyo maana sheria imekataza.

Tukumbuke pia Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka, na watu zaidi ya 20 walikufa.

Basi tufanye hivi:

1. Tukisikia harufu ya gesi, tusiwashe kibiriti wala taa. Tufunge mtungi, tufungue milango, tutoke nje.

2. Tusivute sigara penye petroli.

3. Tukiona chuma tusichokijua, shambani au ufukweni, tusikiguse. Tuwaondoe watoto, tumwarifu sheha.

4. Anayevua kwa baruti tusimfiche. Samaki anaowaua leo ni chakula cha watoto wetu kesho.