Yajue maneno ya watengeneza mabango kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayefungua duka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hukutana na lugha ngeni pindi aingiapo katika karakana ya mabango. Huulizwa iwapo anataka fleksi, stika, perspeksi, alukobondi au neoni, na mara nyingi hujibu kwa kukisia.

Kosa hilo hubainika baadaye, pale bango linapopauka, kubanduka au kuchanika, naye akalazimika kulipa mara ya pili.

Chanzo cha tatizo ni kwamba majina mengi ya kazi hiyo hayaielezi bidhaa kwa ukamilifu. Mengine ni majina ya kibiashara yaliyogeuka kuwa majina ya vitu, na mengine hutumika kwa vitu viwili vyenye bei na uimara tofauti.

Mfano wa wazi ni neoni. Hiyo ni gesi iliyogunduliwa London mwaka 1898 na wanakemia William Ramsay na Morris Travers. Mwaka 1910, Mfaransa Georges Claude alionyesha hadharani mjini Paris taa za mirija ya kioo zenye gesi hiyo, ambayo hutoa mwanga mwekundu unaokaribia rangi ya chungwa.

Hata hivyo, taa nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo hazina gesi hiyo kabisa. Ni taa ndogo za LED zilizofunikwa kwa mpira laini. Hutumia umeme kidogo na hazivunjiki kwa urahisi, lakini bei na matengenezo yake si sawa na ya mirija ya kioo.

Perspeksi nayo ni jina la kibiashara lililoanza Uingereza miaka ya 1930, kwa plastiki ya akriliki inayong'aa kama kioo. Ipo plastiki nyingine ya bei nafuu, polistirini, inayoweza kufanana nayo ikiwa mpya, lakini ikikaa juani hugeuka njano na kupasuka.

Kwa upande wa alukobondi, jina hilo la bidhaa iliyoingia sokoni mwaka 1969 sasa hutumika kwa bamba lolote lenye karatasi mbili nyembamba za alumini na kiini katikati. Kiini hicho ndicho cha kuulizia. Kikiwa cha plastiki tupu ya polithini huwaka kwa urahisi. Kikichanganywa na madini hustahimili moto zaidi.

Uchunguzi wa umma nchini Uingereza ulieleza kuwa mabamba ya alumini yenye kiini cha polithini yalikuwa sababu kuu ya moto kusambaa kwa kasi katika jengo la Grenfell Tower, London, Juni 2017. Watu 72 walipoteza maisha. Mwenye duka anayetaka kufunika ukuta mzima wa mbele kwa mabamba hayo hana budi kulizingatia jambo hilo.

Stika pia ni za aina mbili. Moja hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya majimaji ikakauka. Huwa nyembamba, hushika vizuri kwenye mikunjo ya gari na hudumu zaidi. Nyingine hukandamizwa kati ya mitambo ya duara. Huwa nene na nafuu, hufaa sehemu bapa, lakini huweza kusinyaa pembeni kadiri muda unavyopita.

Fleksi, ambayo wengi huiita bana, hupimwa kwa uzito. Yenye gramu 440 kwa mita ya mraba hustahimili upepo kuliko yenye gramu 280, ingawa kwa macho zinaweza kuonekana sawa.

Aidha, fundi anapoomba 'veta', huwa anataka nembo iliyochorwa kwa mistari ya kikokotozi, ambayo hukuzwa bila kupoteza ubora. Picha iliyochukuliwa kwenye intaneti huundwa kwa nukta, na ikikuzwa hadi mita 3 hutoka na ukungu.

Kwa sababu hiyo, jina la bango pekee halitoshi katika makubaliano. Hati ya bei inapaswa kutaja malighafi, unene au uzito wake, aina ya taa, na muda ambao fundi anaahidi kazi hiyo itadumu juani. Mteja mwenye hati hiyo huwa na cha kushika mkononi bango likiharibika mapema.