Mvivu, ama Mgonjwa wa Tezi?

Karibu kila kikundi kina mama anayesengenywa. Zamani alikuwa wa kwanza kufika shambani. Siku hizi anafika wa mwisho, amevaa sweta jua likiwaka, na anazidi kunenepa ingawa hali kushinda wenzake. Wengine wanasema ni uvivu, wengine amerogwa. Jamani, msimhukumu kabla hajapimwa.

Mambo ni hivi. Chakula ni kama kuni, na mwili ni kama jiko. Anayechochea moto ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo. Hiyo hutengeneza homoni, na homoni zikipungua moto hufifia: mtu huona baridi, huchoka, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti huwa nzito, damu ya mwezi huzidi. Uzito huongezeka, lakini kwa kawaida kilo chache tu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini ya iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito 250. Ni kidogo sana: ya maisha yote haijazi kijiko cha chai. Lakini sehemu nyingi za milimani mvua imeiosha udongoni kwa miaka na miaka, kwa hivyo mahindi na sukuma wiki ya huko haina ya kutosha. Tezi ikikosa iodini huvimba, ndiyo goita. Hasara kubwa haionekani shingoni, ndugu zangu: mjamzito akiikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, na haitarekebishika. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini, tangu mwaka wa 1978.

Basi nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, na mwitie chakula kikikaribia kuiva. Magadi si badala yake. Wala msizidishe chumvi, italeta shinikizo la damu. Mihogo michungu ilowekwe na ikaushwe vizuri, kwani sumu yake huizuia tezi kupata iodini.

Lakini chumvi haimsaidii kila mtu. Kuna wengi ambao kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoishambulia tezi. Huyo mwenzenu aende hospitali apimwe damu. Ikiwa nauli ndiyo shida, mfuko wa kikundi unaweza kumsaidia. Akipatikana na ugonjwa atapewa vidonge vya levothairoksini, kila asubuhi kabla ya kula, mara nyingi kwa maisha yote. Wengine wakipata nafuu huviacha, na baada ya majuma machache uchovu unarudi. Wenye afya nao wasivitafute ili wapunguze unene, maana vinaweza kuharibu mwendo wa moyo. Mwenye kuvitumia akishika mimba asiviache hata siku moja. Aende kliniki mapema, kwani huenda kipimo kikahitaji kuongezwa.