Bomu la Mazoezi au la Vita?

Huko Uingereza na Marekani wako watu wakusanyao vitu vya kale vya askari, hata mabomu ya mkono ya kufundishia. La asili lina bei, kwa hiyo wajanja hutengeneza ya bandia. Mkusanyaji hodari hutazama muhuri wa kiwanda, mshono wa kalibu ubavuni, na rangi kama ni ya zamani au imepakwa juzi. Waingereza waliyatoboa matundu ya kufundishia na kuyapaka nyeupe; Wamarekani walipaka buluu.

Lakini elimu hiyo msiitumie kijijini. Udongo hula rangi, na kutu huziba tundu. Tena hata la mazoezi laweza kuwa na baruti ya kutosha kukata vidole.

Sisi wa pande za Ziwa, Mwanza hata Kagera, tuna jambo zito kuliko ubandia. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mtoto alikuja na bomu akidhani ni chuma chakavu. Likalipuka. Watoto 5 walikufa, wengi wakaumia.

Basi, baba na mama, mwambieni mtoto aokotaye vyuma: akiona kitu mfano wa nanasi au yai, chenye pete na mkono wa chuma, asikiguse wala asikitupie jiwe. Akamwite mwenyekiti wa kijiji, naye awaite polisi. Na wewe mwenye mizani ya vyuma, ukiletewa kitu hicho usikipime. Kiache palepale, ondoa watu kwanza.