Kipenda Roho Hakitoshi

Januari huleta mambo mawili kwa mpigo katika nyumba nyingi za Tandahimba, Newala na Masasi. Msimu wa korosho unakuwa ukingoni, familia inahesabu kilichobaki baada ya kulipa madeni, na hapo hapo matokeo ya kidato cha nne yanatangazwa. Kikao kinakaa. Baba anamwona kijana kama mkulima, mama anamwona muuguzi, na mjomba, ambaye kwa mila za Kimakonde neno lake kwa mtoto wa dada yake si dogo, anauliza: "Mjomba, wewe mwenyewe hasa unapenda nini?" Kijana anainamisha kichwa. Hajui.

Wakubwa huuona ukimya huo kuwa uzembe. Sisi tunaowashauri vijana kuhusu masomo na kazi tunauona kwa jicho jingine: kijana ameulizwa jambo ambalo jibu lake hutoka katika kazi ambazo bado hajazigusa. Anaambiwa afuate ndoto yake wakati kazi alizowahi kuziona kwa karibu ni tatu au nne: kilimo, ualimu, duka na bodaboda. Hawezi kupenda asichokijua. Kusudi la maisha husimama juu ya nguzo tatu: kupenda, uwezo na mahitaji ya watu. Tuanze na kupenda.

Kupenda huja kwa kuzoea

Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu imani mbili. Wapo wanaoamini kuwa shauku ya mtu imeshakamilika ndani yake, kazi iliyobaki ni kuigundua. Wapo wanaoamini kuwa shauku hukuzwa. Wale wa kwanza walitarajia kwamba wakishaipata shauku yao mambo yatakuwa mteremko, na walipokutana na ugumu hamu yao ilishuka zaidi kuliko ya wenzao. Kwa lugha ya mtaani, walipoona kazi inauma wakasema, "Kumbe siyo yangu."

Historia ya uchongaji wa Kimakonde inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maabara. Gogo la mpingo kwa nje ni jeupe. Weusi unaosifiwa umo kwenye kiini. Fundi huanza kwa shoka, akiondoa weupe huo kipande kwa kipande. Kisha huligeuza gogo huku na huku, akitazama lilivyopinda, penye ufa na penye tundu, maana mpingo mnyoofu usio na dosari ni adimu. Ndipo huingia tezo, halafu patasi, tupa na mwisho msasa. Wachongaji wengi wa vinyago vya shetani hawaanzi na mchoro. Umbo la mti na mkono uliozoea ndivyo huamua kitakachotokea.

Inasimuliwa kwamba mtindo wenyewe wa shetani ulizaliwa katika miaka ya 1950 jijini Dar es Salaam. Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka upande wa Msumbiji, alikuwa akichonga kinyago cha mtu, kikavunjika mkono. Akakiendeleza hivyo hivyo, kikawa kiumbe cha ajabu kisichofanana na mtu wala mnyama. Mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, akakiona, akavutiwa, akamtaka achonge vingine. Hebu tazama vilivyokutana hapo. Samaki alikuwa tayari na mkono wa fundi. Alithubutu kuendelea na kazi iliyoharibika. Na alikuwepo mtu aliyekuwa tayari kuinunua. Kimojawapo kingekosekana, huenda kinyago kile kingeishia jikoni kuwa kuni.

George Lilanga naye alipita njia ndefu. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania katika familia ya Kimakonde, na alianza kujifunza kuchonga kwa mizizi ya mihogo, ambayo ni laini, kabla ya kukabidhiwa miti migumu na hatimaye mpingo. Mapema katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini humo. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi. Akilinda, akawa pia anachonga, na alipoonekana anaweza akapewa nafasi ya msanii. Humo akajaribu batiki, ngozi, chuma na uchoraji. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na hadi anafariki Juni 2005 picha zake za viumbe wenye masikio makubwa na rangi kali zilikuwa zimesambaa Ulaya, Marekani na Japani. Angekuwa amesubiri kwanza ajue kwamba yeye ni mchoraji, asingejua kamwe, kwa sababu brashi aliikuta ndani ya jengo aliloajiriwa kulilinda.

Uwezo huonekana kazini

Nguzo ya pili ni uwezo, na hapa vijana wengi hujidanganya kwa namna mbili. Wapo wanaodhani uwezo ni alama za darasani tu. Wengine hudhani kile wanachokifanya kwa urahisi si kitu, maana wanaona kila mtu anakiweza.

Chukua vijana watatu katika shamba moja la mikorosho. Mmoja, bomba la kupulizia salfa likizima katikati ya shamba, hukaa chini, akafungua plagi, akaisafisha, akalirudisha kazini kabla mwenye shamba hajaita fundi. Wa pili, korosho zikianikwa, jicho lake huzitambua mbovu haraka, na mikono yake inatenganisha daraja la kwanza na la pili huku akiendelea na mazungumzo. Wa tatu si hodari wa shamba hata kidogo, lakini kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika yeye ndiye wanayemkimbilia wazee wasomewe stakabadhi, kwa kuwa anaeleza makato mpaka mtu akaelewa, na hamlaumu anayeuliza mara ya tatu. Shuleni wote watatu wanaweza kuwa na daraja la nne linalofanana. Kazini ni fundi, mkaguzi wa ubora na mwalimu.

Mwaka 2004 Christopher Peterson na Martin Seligman walitoa orodha ya nguvu 24 za tabia, kama vile udadisi, uvumilivu, haki, wema na ucheshi. Orodha ya namna hiyo inasaidia kupanua macho. Lakini mtu mwenyewe si shahidi mzuri wa nafsi yake, na sifa za marafiki nazo zina hatari yake: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ushahidi unaoaminika ni ule wa watu wanaokutegemea. Ukiona wanakuita wewe, wakamwacha ndugu yako, kwa jambo lile lile kila mara, hapo pana uwezo.

Shauku nayo isiachwe ikamtawala mtu. Robert Vallerand na wenzake huko Canada walionyesha mwaka 2003 kuwa ipo ya namna mbili: ile ambayo mtu anaishika, ikakaa vizuri na mambo yake mengine, na ile inayomshika yeye, hata akishindwa kuiacha inapomletea madhara. Kijana anayecheza mpira jioni akarudi nyumbani kusoma yuko salama. Anayekosa mtihani kwa sababu ya mechi ya mtaa, kisha akaita hali hiyo kipaji, anahitaji kuketishwa chini na mtu anayemheshimu.

Watu wanahitaji nini?

Nguzo ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi katika semina za kuhamasisha. Kusudi la maisha lazima limguse mtu mwingine; kinachomfurahisha mtu peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, ni burudani.

Kwa bahati nzuri, uwanda wa Makonde hauna uhaba wa mahitaji. Korosho za Tanzania zilifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo kuhamishwa kwa watu na kuacha mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, bei ndogo kwa mkulima, na ugonjwa wa ubwiri unga. Kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, kuhusu salfa na miche bora ya kubebesha ilichangia sana kulirudisha zao hilo. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 300,000. Nyuma ya namba hizo kuna watu waliopenda mimea, wakaisomea, wakaitumia pale ambapo jirani yao alikuwa anaumia.

Mahitaji bado yapo. Sehemu kubwa ya korosho husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, hivyo ubanguaji unahitaji mafundi wa mitambo, wapishi, wafungashaji na wauzaji. Vyama vya msingi vinahitaji makarani waaminifu. Maji ya uwandani hutegemea pampu na mabomba, na pampu huharibika. Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Lakini Lilanga alitunzwa mbali na kwao, kwa hiyo kijana asikatazwe kuondoka. Muhimu ajue anakwenda kumhudumia nani.

Hata kazi ya kawaida inaweza kuwa wito. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake waliwauliza wafanyakazi wanavyoiona kazi yao: ni mkate tu, ni ngazi ya kupandia cheo, au ni wito? Katika chuo kimoja, wasaidizi wa ofisi 24 wenye kazi inayofanana waligawanyika karibu sawa katika makundi hayo matatu. Karani wa mizani anayejua kwamba kilo zake ndizo chakula cha mjane fulani hana kazi ndogo.

Mfano wa Lupaso

Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Alisoma Ndanda na Pugu, akahitimu Kiingereza Makerere mwaka 1962. Baada ya hapo alikuwa ofisa tawala Dodoma, ofisa wa Mambo ya Nje, mhariri wa The Nationalist na Uhuru kuanzia 1966, kisha wa Daily News, mwandishi wa habari wa Rais, mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la habari la Shihata mwaka 1976, balozi, waziri, na Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Vyeo vilibadilika, uwezo wa kuichambua hoja na kuiandika ikaeleweka ukabaki ule ule. Kitabu cha kumbukumbu zake, My Life, My Purpose, kilizinduliwa siku alipotimiza miaka 81. Kusudi lake alilieleza kwa ukamilifu baada ya kulitumikia. Kijana wa miaka 17 asidaiwe maelezo hayo leo.

La kufanya

Kwanza, shika kazi halisi kwa msimu mzima, si kwa wiki. Wiki ya kwanza hukuonyesha uchovu tu. Pili, waulize watu watatu waliokuona ukifanya kazi: "Ni kazi gani ungenipa mimi kabla ya kumpa mwingine?" Majibu yakilingana, yaandike. Tatu, tafuta nani anaihitaji kazi hiyo na kama yuko tayari kuilipia. Nne, angalia njia ya kujifunza. Mkondo wa amali umeanza kuingia sekondari tangu 2024, ipo VETA Mtwara, na vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi Masasi na Newala. Kidato cha tano ni njia mojawapo, haijawahi kuwa ya pekee. Tano, usione haya kubadili baada ya kujaribu kwa dhati, mradi ujue ulichojifunza kabla ya kuhama.

Mzazi, mpe mwanao mikorosho michache aisimamie mwenyewe, mapato na hasara, kisha wakati wa likizo mpeleke kwa fundi unayemwamini. Nanyi wenye karakana, zahanati, ofisi za vyama vya msingi na vikundi vya ubanguaji, pokeeni japo kijana mmoja kila likizo, mkamkabidhi kazi ya kweli badala ya kumtuma chai. Serikali inaweza kuongeza masomo na vyuo, lakini uwezo wa mtoto wa Tandahimba utaonekana kwanza na mtu aliyekubali kufanya naye kazi.