"Inflammable": Neno Dogo Lenye Hatari Kubwa



Leo tuangalie neno moja la Kiingereza linaloandikwa kwenye mikebe na mitungi: "inflammable". Ukilisoma, unaelewa nini?

Tulifundishwa shuleni kwamba "in" mwanzoni mwa neno la Kiingereza mara nyingi hukanusha. Sisi wa Kibera twajua: mtaa wetu huitwa "informal settlement", yaani makazi yasiyo rasmi. Kwa hivyo ni rahisi kudhani "inflammable" ni kitu kisichoshika moto. Sivyo, mama! Ni kitu kinachoshika moto upesi.

Neno hili lina asili ya Kilatini, lugha ya Waroma wa kale. "Flamma" ni mwali wa moto, na "inflammare" ni kuwasha moto. Hapa "in" haikanushi. Hata daktari akiandika "inflammation" anatumia neno la ukoo huo: mahali palipovimba, pakawa pekundu na penye joto.

Waingereza wenyewe walichanganyikiwa. Mwaka wa 1959 shirika lao la viwango lilishauri watu waandike "flammable". Maana ni ile ile. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable". Kama kusoma ni shida, tafuta picha ya mwali wa moto.

Nyumbani utaikuta onyo hili kwenye thina, marashi ya kupuliza, dawa ya mbu ya mkebe na sanitaiza. Petroli ni hatari zaidi, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Tukumbuke Sinai, Mukuru, tarehe 12 Septemba 2011: petroli ilivuja, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafariki.

Kwa hivyo, mama:

- Usiongeze mafuta taa kwenye stovu inayowaka. Izime, ingoja ipoe.
- Usipulize dawa ya mbu karibu na jiko, koroboi au mshumaa.
- Usiweke mafuta taa kwenye chupa ya soda. Mtoto atadhani ni kinywaji.
- Mafuta yakishika moto, usimwagie maji. Funika kwa mchanga au blanketi nzito iliyoloweshwa.

Mtoto akiungua, mwondoe motoni, umvue nguo zisizogandamana na ngozi. Mimina maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala yai, na usipasue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi, mweke mtoto apate joto, kisha mpeleke hospitali mara moja.

Leo jioni chukua kila mkebe ulio nyumbani, usome maandishi yake. Ukiona "flammable" au "inflammable", uweke juu, mbali na moto na mbali na mikono ya watoto.